Gemu si picha jamani, gemu ni kurudia

Najua nimepotea humu kama mwezi hivi, mnisamehe. Mara test, mara kazi za kikundi, mara likizo fupi nikakimbilia nyumbani Iringa kula ugali wa bi mkubwa. Sasa nimerudi Mbeya, ni Jumapili saa nne usiku, baridi ya hapa mnaijua wenyewe. Nimejifunika blanketi mpaka mabegani na laptopu nimeipakata, inanipa joto kama jiko la mkaa. Leo siandiki habari za msosi wa kantini wala foleni ya maji. Leo nimekuja kubishana.

Ubishi wenyewe uko hivi. Mwaka huu ndio namaliza, na kikundi chetu cha watu wanne tumeamua kutengeneza gemu kama projekti ya mwisho. Gemu ya bajaji. Unaendesha bajaji hapa hapa Mbeya, unapakia abiria Kabwe, unashusha Mwanjelwa, unakwepa mashimo, unamkwepa trafiki, jioni unapeleka hesabu kwa bosi. Wazo wote tulilipenda. Balaa likaanza tulipogawana kazi. Wenzangu wawili wakasema cha kwanza ni grafiki, yaani mng'ao wa picha: Mlima Loleza uonekane kwa nyuma na ukungu wake, bajaji iwake rangi, vioo vya pembeni vionyeshe magari yanayokuja nyuma. Mimi nikasema cha kwanza gemu ichezeke. Tukabishana mpaka mlinzi akagonga mlango akidhani tunapigana.

Kura zikapigwa, nikashindwa. Wiki sita zikapita. Kiukweli bajaji ilipendeza ile mbaya, mpaka kitambaa cha siti unakiona kimechanika. Lakini ilikuwa haikati kona! Ukibonyeza kushoto inasogea kama kabati linalosukumwa na watu wawili. Na tarehe ya kuwasilisha haisogei, na mnajua projekti ikibuma maana yake nini: unabaki mwaka mwingine huku wenzako wanapiga picha na majoho. Nikaondoka likizo na hasira zangu. Kumbe kule nyumbani kesi kama hiyo hiyo ilikuwa imeshatolewa hukumu, tena na madogo wa mtaani.

Kwa msioijua njia: unapanda basi asubuhi hapa Mbeya, unapita Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako unanunua mahindi ya kuchoma dirishani, unakatiza misitu ya Sao Hill, Mafinga, halafu unashushwa Ipogolo pale bondeni unaanza kuupanda mlima kuingia mjini. Sisi tunakaa Kihesa. Na Kihesa ndipo braza wangu ana kibanda chake cha gemu.

Kibanda ni chumba kimoja cha mbao na mabati, ukutani kachorwa Ronaldinho ambaye ukimwangalia vizuri anafanana zaidi na mjomba wetu. Ndani kuna TV mbili za chogo, PS2 mbili na mabenchi mawili. Gemu ni moja tu: mpira, PES ya Konami, zile diski ambazo watu wameingiza wachezaji wapya juu ya gemu ya zamani. Kwa hiyo jina ni la mchezaji wa msimu huu, sura ni ya mtu aliyestaafu zamani. Washabiki uwanjani wamebapa kama makaratasi. Mechi moja shilingi 300, na sheria ya mle ndani inajulikana: aliyefungwa ndiye analipa, na anapisha.

Sasa mwaka jana braza akapata wazo. Akaona PS2 ni ya kizee, madogo wa siku hizi wanaangalia mambo makali kwenye simu zao, watamkimbia. Akachukua laki sita kwenye kikoba, tena kwa jina la mama maana yeye si mwanachama, akanunua PS4 iliyotumika na TV flati. Aliyemuuzia akampa na diski moja ya gemu ya hadithi, mtu mmoja anapita porini na upinde wake, mvua inanyesha, majani yanatikisika kila moja kivyake. Ebwana eeh! Ile gemu ni nzuri kuitazama, sina ubishi. Akaweka bei: nusu saa shilingi 1,000.

Wiki ya kwanza kibanda kilifurika. Watu wamesimama mpaka nje. Braza akatuma picha kwenye grupu la familia, mama akafurahi. Lakini alipohesabu hela jioni akashangaa, maana wale watu arobaini waliojaa hawakuwa wanacheza. Walikuwa wanaangalia. Mmoja analipa buku lake anacheza, thelathini na tisa wanakula uhondo bure kama wapo kwenye kibanda cha video.

Wiki ya tatu nikamwambia anisomee daftari kwenye simu. Siku ya Jumamosi ile PS4 iliingiza shilingi 3,000 kutwa nzima. PS2 mbili, zile za sura za kizee, ziliingiza 18,000, yaani mechi sitini. Na marejesho ya kikoba hayasubiri. Mama hakusema kitu, lakini mnajua mama akinyamaza inakuwaje.

Nilipofika kule likizo nilikaa mle kibandani siku tatu nikiangalia kilichokuwa kinatokea. Kijana mmoja, fundi pikipiki, alikuwa ameshaicheza ile ya porini mpaka mwisho. Nikamuuliza mbona hurudii? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini harudii darasa la saba. "Nirudie nini? Si najua anayekufa ni nani." Halafu akageuka kwenye benchi la PS2 kudai zamu yake. Mtu huyu mechi ya PES ameshacheza labda mara elfu, na bado anagombea zamu!

Hapo ndipo nilipoelewa. Picha inaleta watazamaji. Mchezo unaleta wachezaji. Na watazamaji hawalipi.

Mtasema labda shida ilikuwa bei, au watu wa Kihesa wameizoea PS2. Mimi pia niliwaza hivyo. Lakini sikilizeni kilichofuata. Tukazunguka mjini na braza tukapata diski ya FIFA iliyotumika na padi ya pili. Tukaiweka kwenye PS4 ile ile, TV ile ile, benchi lile lile. Bei tukaigeuza: mechi moja shilingi 500, aliyefungwa analipa. Siku hiyo hiyo pakawa na foleni. Hakuna kilichobadilika kwenye mashine zaidi ya mchezo wenyewe. Ile ya porini ilikuwa nzuri kuliko FIFA kwa macho, wala hapakuwa na mtu aliyebisha. Lakini FIFA ukifungwa leo 2-1 unalala vibaya, kesho unarudi kudai haki yako. Deni la kikoba sasa limebaki laki mbili na kidogo, na mama ameanza kuongea.

Sasa tuelewane hii "kurudia" inatoka wapi, maana haiji kwa uchawi. Nje ya kibanda cha braza, hatua kumi tu, kuna kijiwe cha drafti. Ubao ni kipande cha plaiwudi kilichochorwa kwa maka, kete ni vizibo vya soda: vya mmoja vimelala kifudifudi, vya mwingine vimetazama juu. Ukipata kingi unapandisha kizibo juu ya kizibo. Grafiki hapo ni sifuri. Na wazee wale wapo pale tangu mimi nasoma msingi, kila siku, ugomvi ni mpya. Au chukueni bao la kiswahili: mashimo 32, kete 64, basi. Watu wamelicheza vizazi na vizazi na bado mtu anatoka kwenye bao anasema leo nimeona kitu ambacho sijawahi kukiona.

Kwa mtazamo wangu yapo mambo matatu. La kwanza ni mtu wa upande wa pili. Binadamu hachoshi, kwa sababu jana ulimfunga kwa kona, leo ameshajua, anakuziba, nawe lazima ubuni lingine. La pili ni maamuzi yenye uchungu. Kwenye drafti ukila hapa unaachia pale. Kama kuna njia moja tu iliyo sahihi, ukishaijua mchezo umekufa. La tatu ni kwamba hali inabadilika, hata ukianza pale pale hufiki pale pale. Hakuna hata moja kati ya haya matatu linalohitaji majani ya mti kutikisika kila moja kivyake.

Na si mambo ya Kihesa tu. Wangapi hapa mmeanza maisha na Nokia ya tochi? Ile Nokia 1100 ilitoka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na nadhani nusu ya koo zetu zimepitia simu hiyo. Ndani yake kulikuwa na nyoka. Ile gemu ya nyoka kwa mara ya kwanza Nokia waliiweka kwenye simu yao ya 6110 mwaka 1997, kazi ya mhandisi wa Kifini anaitwa Taneli Armanto. Vidoti vyeusi kwenye kioo cha kijani, hakuna zaidi. Lakini angalieni akili iliyomo: kila ukila unarefuka, na kila ukirefuka mkia wako mwenyewe ndio unakuwa adui yako. Ukifanya vizuri unajiongezea matatizo. Bi mkubwa wangu, ambaye hajui PlayStation ni ya kuliwa au ya kuvaliwa, aliwahi kuunguza maharage kwa sababu ya nyoka yule. Mama huyo huyo wa kikoba!

Rudini nyuma zaidi. Tetris ilitengenezwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov, kwenye kompyuta inaitwa Elektronika 60 ambayo haikuwa na uwezo wa kuchora picha kabisa. Vile vitofali akavitengeneza kwa alama za mabano za kuandikia! Leo, zaidi ya miaka arobaini, watu bado wanaangusha vitofali. Mwaka 1989 Nintendo wakatoa Game Boy, kioo hakina rangi, na Tetris ikiwa ndani ya boksi kwa wateja wa Marekani na Ulaya. Mwaka uliofuata Sega wakaja na Game Gear yenye rangi za kupendeza. Nani alishinda? Game Boy, tena kwa mbali sana. Sababu moja mtu yeyote aliyewahi kutumia redio ya betri ataielewa: Game Boy ilikula betri nne na kukaa masaa mengi, Game Gear ilikula betri sita na kukata moto baada ya masaa machache. Zile rangi zilikuwa na bei yake, na aliyeilipa ni mchezaji.

Mfano wa upande wa pili pia upo. Mwaka 2015 ilitoka gemu ya PS4 inaitwa The Order: 1886. Kwa picha, watu walikaa midomo wazi, na mpaka leo ukiitazama hutaamini ni ya miaka ile. Lakini ulikuwa unaimaliza ndani ya siku moja, huna mtu wa kucheza naye, na ukimaliza hakuna cha kukurudisha. Ikasifiwa kwa uzuri, ikalalamikiwa kwa mengine yote.

Na ile ya GTA wengi wenu mnaikumbuka kwa uchungu. San Andreas ya 2004, ile ile mnayoicheza kwenye laptopu za kuazima huko hosteli, mnaandika vikodi vya kuita kifaru, mnacheka mpaka asubuhi. Novemba 2021 wakaitoa upya pamoja na mbili za kabla yake, picha zimesafishwa, ikaitwa toleo la kudumu. Ikaja na makosa kibao: sura za ajabu, mvua inayoziba macho, vitu kuganda. Rockstar wenyewe wakaomba radhi na kuwarudishia wanunuzi wa kompyuta zile za zamani. Fikirieni hapo: mtu kanunua iliyong'arishwa, anafarijiwa kwa kupewa ya kizee!

Hata PS2 yenyewe ni ushahidi. Ilitoka mwaka 2000, imeuzwa zaidi ya milioni 155, na mwanzoni mwa 2013 ikajulikana kwamba Sony wameacha kuitengeneza. PES ya mwisho kutoka kwa ajili yake ilikuwa PES 2014. Kwa hesabu za wenye viwanda ile mashine ni marehemu. Kwa hesabu za daftari la braza ndiyo iliyolipa umeme.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Wazungu wakibishana mambo haya wanabishana ladha tu: wewe unapenda hivi, mimi vile. Kwetu sisi ni hela. Gemu kubwa za siku hizi zinapita GB 100. Wewe mwanachuo unayenunua bando la siku, GB 100 utazitoa wapi? Utauza godoro? Simu zetu nyingi ni za kawaida, ukiweka gemu nzito inapata moto, inakwama, chaji inaisha kabla ya kipindi cha saa nane. Ndiyo maana mabweni yote utakuta Dream League: haihitaji intaneti muda wote, inaingia kwenye simu ndogo, na msimu ukiisha unaanza mwingine. Mtu mwenye hela ndogo hanunui kitu cha kukitazama mara moja. Ananunua kitu kitakachomlipa mara mia. Yule mwenye hela akichoshwa na gemu ananunua nyingine. Sisi gemu ikituchosha tumeliwa.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "gemu hii mbovu, picha zake za kizamani", muulize swali moja tu: umeicheza mara ngapi? Hilo swali linamaliza ubishi kuliko ukubwa wa kioo.

Lakini nisiwe mkaidi, maana siku tatu za kibandani zilinifunza na upande wangu unapokosea. Kwanza, picha ikiwa mbovu kupita kiasi inaua mchezo. Kwenye ile TV ya chogo ya pili rangi zimefifia, timu ya jezi nyeupe na ya jezi ya njano zinafanana, na nimeshuhudia karibu watu wapigane kwa sababu mtu alimpasia adui. Mchezaji lazima aone anachokifanya. Ila hapo tunaongelea kuonekana, si kung'aa. Vizibo vya soda vinaonekana vizuri tu.

Pili, picha nzuri ndiyo inayomwingiza mtu mlangoni. Wale arobaini wa wiki ya kwanza waliletwa na mvua na majani, na wengine ndio wamebaki kucheza FIFA. Na wapo wanaoona 500 ya PS4 ni halali kuliko 300 ya PS2, hasa wikiendi mtu akiwa na wenzake. Sawa kabisa. Kachumbari inanogesha sahani, ila sijawahi kuona mtu ameshiba kachumbari.

Tatu, na hili lilinikaa. Mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, alinisikia nikihubiri mezani akaniuliza: "Kaka, kwani kitabu ukikisoma mara moja si kitabu?" Nikakosa la kusema, nikaomba mboga iongezwe. Ni kweli, ipo gemu ya hadithi utakayoicheza mara moja na kuikumbuka maisha yako yote, nami sitaki kuidharau. Lakini nilipokuwa kwenye basi narudi, huko mbele ya Makambako, jibu likaja. Kinachokufanya uikumbuke ni hadithi, ni wale watu na yaliyowapata. Hata hapo si majani. Tena riwaya haina picha hata moja na bado inakuliza.

Basi, nimerudi Mbeya, nimewakuta wenzangu bado wanachora Loleza. Sikubishana tena. Nilikaa siku nne nikatengeneza bajaji yangu pembeni. Bajaji ni kiboksi cha njano. Abiria ni vidoti. Trafiki ni duara jeupe. Barabara ni mistari ya kijivu. Lakini inakata kona, na kuna uamuzi wa kufanya: bajaji inabeba abiria watatu, ila Kabwe kuna wa nne anakupungia mkono, yupo tayari kubanana na wewe kwenye siti ya dereva. Ukimchukua hesabu ya bosi inatimia mapema. Ukikutana na trafiki umekwisha. Na trafiki hakai sehemu moja, leo yuko Mafiati, ukianza upya yuko Mwanjelwa.

Nikaiweka pamoja na ile yao nzuri kwenye laptopu mbili hapa chumbani, nikaita jirani zetu wa korido, sikuwaambia ipi ya nani. Ile nzuri kila aliyeiona alisema "duh!", akazungusha bajaji akaiangalia, akauliza mmetumia programu gani, akaondoka. Ile ya maboksi hakuna aliyesema duh. Waliicheka. "Hii ndiyo bajaji au sabuni?" Halafu wakakaa. Mmoja, wa mwaka wa kwanza, alikuwa na test asubuhi, saa nane usiku bado anasema "ngoja, hii ya mwisho, safari hii simchukui wa nne." Akamchukua! Ilibidi nimzimie laptopu.

Wenzangu wakatazamana. Yule mbishi zaidi akavuta kiti akacheza mara tatu bila kuongea, kisha akasema kimya kimya, "Kona zako nimezipenda." Basi tumekubaliana: kwanza kona, abiria na trafiki, mpaka mtu wa korido aombe kurudia mwenyewe bila kubembelezwa. Zikibaki wiki ndipo tuivishe nguo, na Loleza yake tutaiweka kwa nyuma, maana naye ameihangaikia jamani. Hatuko wa kwanza pia. Wakenya walishatoa gemu ya matatu, Ma3Racer, mwaka 2011, ikachezwa kwenye simu za kawaida tu. Inawezekana.

Sijui tutapata alama gani. Tumebakiwa na wiki tano, na wiki sita za vioo vya pembeni hazirudi. Tukifeli nitakuja kusema hapa hapa, sitajificha. Ila hata tukifeli, yule dogo wa mwaka wa kwanza jana kanifuata kantini, mkononi kashika chipsi mayai, anauliza ile ya maboksi nitamrushia lini kwenye simu yake. Hajaniuliza habari ya picha.

Ni hayo tu kwa leo. Mwenye mawazo tofauti anikute korido yetu, padi zipo mbili, na sheria ni ile ya Kihesa: atakayefungwa ananunua chai. Kamwene kwa wa Iringa, na wa Mbeya mjifunike vizuri. Usiku mwema.